Nyayo Kwenye Sakafu Mbichi

Mbwa wetu hakuingia ndani kutoka matembezini kabla sijamnawisha miguu. Nilimketisha mlangoni, nikaitumbukiza miguu yake kwenye karai mmoja baada ya mwingine, nikatoa tope lililojibana katikati ya vidole, kisha nikamkausha kwa sweta yangu ya shule. Sweta haikuwa na kazi nyingine. Niliacha shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba kaburini, nikabaki na mdogo wangu wa kiume na kitindamimba wetu, msichana ambaye hakupata usingizi bila mbwa kando ya kitanda.

Baba mkubwa, anayeishi Nyansiongo, alikuwa ameshasema: "Nitakuja Sabato baada ya ibada. Nikikuta mnaishi kwenye uchafu, nitawagawa." Mvulana angeenda naye, kitindamimba angepelekwa kwa shangazi huko Suneka. Mimi hakunitaja.

Ijumaa nilisiriba sakafu yote kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Nilikimbizana na jua, kwa sababu Sabato huingia Ijumaa jua likitua, na ikishaingia kwetu hakuna anayegusa kazi. Nilipomaliza nikatoka na mbwa kumpokea mdogo wangu wa kiume barabarani. Mvua ilitukuta tukirudi naye, katikati ya mashamba ya majani chai. Tulipokaribia nyumbani radi ikapiga, mbwa akachomoka na kamba yake, akalipita karai na kuingia ndani.

Nilipofika, nyayo zake zilikuwa zimeikata sakafu mbichi, kutoka mlangoni hadi kitandani kwa kitindamimba. Jua lilikuwa limezama.

"Siriba haraka, dada," mdogo wangu alisema. "Hata Mungu ameona ni mvua."

Nilishika ndoo yenye udongo uliobaki. Niliwaza kitanda kile kikibaki kitupu, nikawaza mama, ambaye hata ufagio aliuficha Ijumaa jua likitua. Nikaiweka ndoo chini. Sijui kama ilikuwa imani au ni kuchoka tu. Nikamvuta mbwa nje, nikaanza kumnawisha huku nikilia.

"Na hiyo si kazi?" mdogo wangu akauliza.

"Huyu ana baridi. Nyamaza."

Kesho yake baba mkubwa alisimama mlangoni, Biblia kwapani. Nyayo zilikuwa zimekauka, kila kidole kinaonekana.

"Hapa hulala nani, watoto au mbwa?"

"Sote, baba mkubwa," kitindamimba akajibu. "Lakini yeye hunawa miguu kwanza." Kisha akatazama viatu vya mgeni, vilivyojaa tope jekundu. Baba mkubwa naye akavitazama. Akakohoa.

"Binti, mbona hukuzifuta hizi?"

"Jua lilikuwa limetua, baba."

Alivua viatu, akaingia kwa soksi, moja ikiwa imetoboka kisiginoni, akazifuata nyayo polepole mpaka kitandani. Alisimama pale, ametugeuzia mgongo. Nilishindwa hata kumkaribisha kiti. Mwishowe alikaa mwenyewe, akala ndizi nilizopika jana yake, zimepoa, akamaliza sahani.

Alipoondoka alisema atarudi mwezi ujao. Hakusema atarudi kufanya nini, nami niliogopa kumuuliza. Lakini aliondoka peke yake.

Mbwa alimsindikiza hadi barabarani. Aliporudi, tope lilikuwa limempanda mpaka tumboni, na kitindamimba alikuwa ameshaketi mlangoni na karai, akinisubiri.