Beki Aliyekopeshwa

Nilipokuwa kijana Kajiado, miaka ile ya tisini, nilikuwa na pacha Italia ambaye hakujua kama nipo. Alikuwa mpwa wa padri wetu, mtoto wa dada yake, beki kama mimi, na umri wetu ulikuwa mmoja. Padri alitoka kijiji cha milimani huko Italia, na Kiswahili chake alikisema kwa mikono yote miwili. Kila Jumapili baada ya misa alitupa habari za mpwa wake kabla hata hajatuuliza habari za nyumbani.

Hivyo nikayajua maisha ya yule kijana hatua kwa hatua. Alianzia kiwanja cha parokia yao. Klabu kubwa ya mjini ikamchukua angali mdogo, ikamweka bwenini, mama yake akalia kama mtu aliyefiwa. Walimjaribu pembeni kushoto, kisha wakamhamishia katikati kwa sababu alikuwa mrefu na hakuwa na haraka. Mimi pia nilikuwa mrefu na sikuwa na haraka, ingawa kwetu sifa hiyo ya pili iliitwa uvivu.

Safari moja padri alirudi kutoka likizo na kanda ya video. Tuliitazama misheni mchana, mapazia yamefungwa, jenereta ikinguruma nje. Mpwa mwenyewe alionekana kwa nadra, maana kamera hufuata mpira, naye hakukaa ulipo mpira. Alikaa pale utakapokuja. Padri alikuwa akisimamisha kanda na kupiga makofi: "Ona! Hafanyi kitu! Safi sana!" Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimechunga ng'ombe tangu nijue kutembea, na nilijua kwamba ng'ombe anayetaka kuingia shamba la watu humkimbizi kwa nyuma. Unasimama pale anapotaka kupita mpaka abadili nia. Basi kumbe kuna nchi ambako mtu hulipwa kwa kazi hiyo! Siku ile nilitoka pale nikiwa na kiu ambayo sijui kama iliwahi kuisha.

Kisha Jumapili moja padri akatuambia kwamba mpwa amekopeshwa. Klabu kubwa imempeleka kwa klabu ndogo ya daraja la chini, mji wa baridi, akakomae huko, halafu watamwita arudi.

"Mtu anakopeshwa kama jembe?" akauliza mmoja wetu.

Nilipomsimulia baba jioni ile, yeye hakuona ajabu, maana ng'ombe wetu wengine pia walikaa zizi la rafiki. Alisema hao Waitaliano wana akili, kumbe wanaishi kama watu.

Labda ndiyo maana mambo yalikwenda vile. Mwaka uliofuata alikuja nyumbani mzee mmoja mwenye bucha Kitengela, Mkamba aliyehamia kutoka Machakos, mtu wa kicheko na tumbo. Alikuwa na timu yake, na alikuwa ameniona nikicheza Kajiado. Alibeba sukari, majani ya chai na ugoro. Baba alimpenda papo hapo, na baba hakuwa mtu wa kupenda papo hapo.

"Mzee, niko na shida moja tu," mwenye bucha akasema. "Beki sina. Nipatie huyu kijana."

"Mchukue," baba akasema. "Kutoka leo mimi na wewe ni pakiteng."

Kwetu, watu wawili wakipeana ng'ombe huacha kuitana majina yao. Kila mmoja humwita mwenzake pakiteng, mpaka kufa. Baba alikuwa ametoa mtoto badala ya ng'ombe, akaona jina linafaa zaidi. Mwenye bucha alilifurahia hilo jina kupita kiasi. Aliwatangazia wateja wote, na hata mbwa wa bucha alijua kwamba bwana wake ana pakiteng Kajiado. Mimi nilisikia nilichotaka kusikia: nimekopeshwa. Nikafungasha nguo zangu nikiwa na furaha ya ajabu, kwa sababu sasa mimi na yule Mwitaliano tulikuwa njia moja.

Kitengela ya wakati huo ilikuwa maduka machache kandokando ya barabara ya Namanga, bucha nyingi kuliko maduka, na mbuga iliyoanzia nyuma ya choo. Mvua ikinyesha, nyumbu walikuja mpaka kiwanjani, na refa alilazimika kusubiri waondoke kwa hiari yao. Asubuhi nilibeba mapaja ya ng'ombe buchani, jioni nilifanya mazoezi. Nililala chumba cha nyuma kilichonuka mafuta. Nilicheza vizuri. Nasema bila haya, nilicheza vizuri mno. Kulikuwa na washambuliaji walioomba wabadilishwe upande.

Msimu wa pili akaja kocha wa klabu moja ya ligi kuu kutoka Nairobi. Alinitazama mechi moja nzima akiwa amesimama, kisha akaenda kwa mwenye bucha na kusema ananitaka kabla usajili haujafungwa.

"Huyu nilipewa na babake," mwenye bucha akajibu. "Babake akisema aende, ataenda. Mimi nitasema nini?"

Nilipanda lori la mifugo lililokuwa likirudi tupu Kajiado. Nilimkuta baba zizini, nikamweleza yote. Nikamwambia neno moja tu linatosha, amwite rafiki yake amwambie anirudishe. Baba alimkagua ndama mmoja masikio, akamwachilia, akamshika mwingine.

"Kitu nilichotoa siwezi kukidai," akasema mwishowe. "Nikikidai, mimi ni mtu gani?"

"Lakini ulinikopesha!"

"Nilikutoa."

Nilirudi Kitengela na hasira ambayo ilinifanya nisiwaage watu wa nyumbani.

Siku chache baadaye, mwenye bucha aliita timu nzima. Maksai mwekundu alikuwa ameletwa kutoka Kajiado, zawadi ya pakiteng, mwenye nundu kubwa ajabu. Mwenye bucha machozi yalimlengalenga. Alisema hajawahi kupata rafiki kama yule, na kwamba nyama hiyo hatauza hata ratili moja, tutaila sote. Tukachoma mchana kutwa. Wachezaji waliimba, majirani wakaja na sufuria. Mimi nilikata ubavu nikala kwa hasira, nikijisemea kwamba baba anasherehekea. Si kwamba amenitoa tu, ameongezea na kachumbari.

Usajili ukafungwa. Klabu ikamchukua kijana mwingine kutoka Ngong, beki mzuri, sitamsema vibaya. Mwaka huohuo padri alinitumia salamu: mpwa wake ameitwa arudi klabu kubwa, amecheza dakika zote tisini, dada yake amelia tena. Nilifurahi kwa ajili yake. Kisha nilikwenda nyuma ya bucha nikakaa juu ya gogo la kukatia nyama mpaka nikaitwa kazini. Nilimwonea wivu. Sikumwonea wivu kwa pesa wala kwa uwanja wenye nyasi, bali kwa kuwa mtu fulani mahali fulani alikuwa amesema, "Yule kijana wetu, arudi sasa."

Goti langu liliisha kabla sijafika popote. Nilipata kazi kiwanda cha saruji Athi River, nikaoa, nikajenga Kitengela hiyohiyo ilipokuwa ikigeuka mji. Nyumbani nilikwenda kwa matanga na harusi. Mimi na baba tulizungumza habari za mvua.

Alifariki katikati ya miaka ya elfu mbili, mwenye bucha akiwa ametangulia. Baada ya mazishi nilikaa na mama nje ya nyumba, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Kwa nini sikurudi, wakati baba alipotuma yule maksai mwekundu?

Nilimwambia sielewi.

Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mgeni, na kweli katika mambo ya wazee nilikuwa mgeni. Mtu hadai alichotoa. Lakini akiwa na shida, anaweza kutoa tena. Pakiteng wako akikuletea ng'ombe ambaye hukumwomba, unakaa chini unajiuliza amepungukiwa na nini, unampelekea kabla hajafungua mdomo. Kila mtu anajua hivyo. Baba alikuwa na maksai mmoja tu aliyemtungia nyimbo, na ndiye aliyemtuma.

"Rafiki yake hakujua," nikasema. "Alimchinja."

Mama alishika shavu. "Na wewe ulikula?"

"Nilikula, Yeyo."

Aliikunjua shuka yake, akaikunja tena magotini. Nilitamani aniambie lolote, hata anitukane. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ya kulaumu.

"Mwezi ule wote alikuwa akienda barabarani," akasema. "Kila lori lililotoka Kitengela alilisimamisha, akauliza kama uko njiani."