Maji ya Kumnawisha Mshindi

Jeconia Oluoch alikuwa na kawaida iliyowachekesha vijana wa Silanga, timu ya Kibera aliyoifundisha. Siku ya mechi nyumbani, kabla hajakagua nyavu wala kuhesabu wachezaji, alipitia kwanza kwenye kibanda cha chakula cha mkewe kando ya uwanja na kuuliza kama maji yako motoni.

"Yako," Risper alimjibu siku hiyo, akichagua mawe kwenye omena, wale dagaa wa ziwani. "Na leo omba yawe ya kunawishwa wewe, baba Amondi. Nimechoka kukuona ukiinama."

Mambo yalikuwa hivi. Zamani, timu za Kawangware zilipokuja kucheza Kibera zilikuja kwa miguu, wachezaji wamening'iniza viatu shingoni, na hakuna mgeni aliyerudi kwao na njaa. Mechi ikiisha, makocha wawili waliketi meza moja. Aliyefungwa alishika jagi na karai, akamnawisha aliyemfunga, ndipo wakala. Maana yake ilijulikana bila kuelezwa: mikono iliyonifunga ni safi, na mimi ndimi shahidi. Hakuna kocha aliyekwepa. Marehemu Lazarus wa Kawangware, mtu mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alifungwa mabao matano siku moja, akamnawisha Jeconia hadi kwenye viwiko huku akisema, "Wacha nisugue vizuri, pengine bahati yangu imekwama chini ya kucha zako."

Makocha hao wameisha. Wengine wamezikwa, wengine wamerudi nyumbani kulima. Waliokuja baada yao wana vyeti na miwani ya jua, na filimbi ya mwisho ikilia wanakimbilia simu kumtukana refa. Kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, wanajua sana. Lakini siku hizi methali hiyo husemwa na aliyeshinda, akimcheka aliyeshindwa. Katika mitaa yote hii ni Jeconia peke yake aliyebaki na jagi. Baadhi ya wageni walinawa wakicheka, baadhi walimpungia mkono na kupanda gari lao. Na msimu huo alikuwa amelibeba mara nyingi mno, kwa sababu timu yake ilifungwa kama maduka siku ya maandamano.

Sasa ilikuwa imebaki mechi moja, dhidi ya Gatina Kombaini kutoka Kawangware. Sare ingewabakiza Silanga kwenye daraja lao. Kufungwa kungewashusha.

Mwenyekiti wa timu, Shiundu, alimfuata pale kibandani. Hakuketi.

"Kocha, tuongee kama wanaume. Tukishuka, wewe umeenda. Kamati imeamua."

"Nimesikia, mwenyekiti."

"Na hiyo mambo yako ya jagi, leo sitaki kuiona. Watu wanauliza kama tuko na kocha ama mpishi."

Jeconia alicheka kidogo. Mchana wa siku za kazi alikuwa seremala kule mtaa wa Raila, na wateja walimwita fundi huku wakimbishia bei ya kitanda. Lakini akipita Kisumu Ndogo jioni, hata walevi walinyanyuka kwenye mabenchi: "Kocha! Jumamosi tunapanga aje?" Alikuwa amepita miaka sitini, na hilo ndilo jina alilotaka kuzikwa nalo. Mafundi ni wengi.

Mechi ilianza jua likiwa kali. Kocha wa Gatina, Vincent Walubengo, alikuwa kijana aliyevaa miwani ya jua na kofia nyuma mbele na asiyejua kunyamaza.

"Buda, enda ulee wajukuu!" alimpigia Jeconia kelele kutoka upande wake wa mstari wa chaki. "Hii game ilikuacha!"

"Nikienda, utabaki kucheza na nani, kijana yangu?" Jeconia alimjibu. "Na mama yako aliniambia nisikuache peke yako."

Uwanja ulicheka, na Vincent mwenyewe akacheka. Lakini kwenye mpira hakukuwa na kicheko. Silanga walikaba kama watu wanaolinda nyumba yao ya pekee, na dakika za mwisho zilifika bila bao. Shiundu alikuwa ameshaanza kutembea akisalimia watu.

Ndipo ukaja mpira mrefu kutoka upande wa Gatina. Mshambuliaji wao aliupokea akiwa peke yake, akamhadaa Isaac, kipa wa Silanga, akausukuma wavuni.

"Ameotea! Ameotea!" Uwanja mzima ulipaza sauti. Wachezaji wa Silanga walimzunguka refa wakimvuta shati. Upande wa uwanja uliopakana na bwawa, watu walianza kuinama, na walipoinuka mikono yao haikuwa mitupu. Shiundu alikuja mbio, jasho linamtoka.

"Kocha, ingia useme ameotea! Wewe ukisema, wote watasimama na sisi. Huyu refa ni mwoga, atabadilisha."

Ilikuwa kweli, na Jeconia aliijua kweli hiyo. Neno lake moja lingetosha. Lakini macho yake hayakuwa kwa refa. Yalikuwa kwa Ogola, beki wake, ambaye mpaka sasa alikuwa amepiga goti karibu na lango, vidole vimeshika kamba ya kiatu, mdomo wazi.

Aliingia uwanjani polepole. Kelele zilipungua, kila mtu alitaka kusikia.

"Ogola, mpira ukipigwa ulikuwa wapi?"

"Hapa, kocha."

"Ukifanya nini?"

"Nikifunga kamba, kocha."

"Wenzako wakipanda kumwacha aotee?"

"Sikuwaona, kocha. Nilikuwa nimeangalia kiatu."

Mtu mmoja alicheka, wa pili akamfuata, na mawe yakaanza kudondoka chini moja moja. Jeconia aliwageukia wachezaji.

"Hajaotea. Mtu wetu alibaki nyuma yake, tukamhalalisha sisi wenyewe. Goli ni halali. Rudini katikati."

Hawakupata muda wa kurudisha. Filimbi ililia, na Silanga wakashuka.

Alikwenda kibandani na kushika jagi, na kwa mara ya kwanza miguu yake haikutaka. Nani angemlaumu leo? Yule kijana alimtukana mchana kutwa. Shiundu alikuwa amesimama kwenye mlingoti wa kona, akimwangalia. Risper alichovya majani ya limau kwenye maji ya moto, kama alivyofanya siku zote, akamtundikia taulo begani.

Gatina walikuwa wakiimba kando ya lori lao. Kipa wao, Kaveke, ndiye aliyemwona kwanza: mzee anakuja taratibu, karai mkono mmoja, jagi mkono wa pili, mvuke unapanda, na majani yanaelea.

"Coach! Usiguse hiyo maji!" alipiga kelele. "Wametupikia majani!"

Wimbo ulikatika. Vincent aliruka nyuma ya mchezaji wake mnene kuliko wote.

"Mzae, simama hapo hapo! Tumeshashinda, juju yako imechelewa!"

Jeconia alisimama. Miaka yote hiyo haikuwahi kumjia akilini kwamba maji ya heshima yangeweza kuonekana hivyo. Alifungua mdomo kueleza, lakini utaeleza nini mbele ya kundi la vijana wanaokimbilia juu ya lori? Kule nyuma watu wa Silanga walianza kusogea, wakiuliza kocha wao anatukanwa kwa nini.

Risper aliwapita wote, mwiko ungali mkononi.

"Nyinyi! Hayo ni majani ya limau, ya kutoa harufu ya omena! Mnafikiri ningekuwa najua juju, huyu mzee wangu angefungwa msimu mzima?"

Ogola, ambaye hakuwa na haki ya kucheka siku hiyo, akapasuka kwa kicheko, na uwanja wote ukamfuata, Silanga na Kawangware pamoja. Kaveke alishuka kwenye lori akijifanya alikuwa anatafuta begi. Vincent akajitokeza, akanyoosha vidole viwili kama mtu anayepima uji.

"Yote miwili," Jeconia alisema.

Akainama, akamwagia. Maji yalishuka mekundu kwa vumbi la uwanja.

"Mikono iliyonifunga ni safi," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mlingoti wa kona. "Na mimi ndimi shahidi."

Vincent alimtazama. Ile miwani yake ya jua aliivua.

"Nani alikufunza hii?"

"Mtu wa kwenu. Lazarus."

"Lazarus gani? Sijawahi kumsikia."

"Utamsikia wapi? Hakuwa na simu ya kujipiga picha."

Waliketi kibandani. Risper aliwapakulia ugali, omena na sukuma wiki. Hawajafika nusu, Shiundu akaja na kusimama mbele ya meza, akizungumza kwa nguvu ili kamati iliyokuwa nyuma yake isikie.

"Oluoch, ulisikia nilichosema. Kuanzia leo wewe si kocha wa Silanga."

Jeconia alimeza tonge lake kwanza.

"Sawa, mwenyekiti. Ulisema, na nimeshindwa. Asante kwa miaka mliyonipa. Sasa karibu mezani, ugali ungali moto."

"Sikuja kula."

"Basi utuache tumalize. Nina mgeni."

Lori la Gatina lilipiga honi. "Coach, twende! Tutakuacha!" Kaveke aliita.

"Tangulieni!" Vincent alijibu bila kugeuka. "Kawangware naijua kwa miguu. Niko na kocha hapa, tunaongea."

Shiundu alifungua mdomo kulisahihisha neno hilo la kocha, akatazama huku na huku, akaondoka. Vincent alivuta benchi karibu.

"Kocha, niambie. Kipindi ya kwanza, winga wangu wa kushoto mlimfungia aje? Hakupita hata mara moja."

Jeconia alichagua omena watatu kutoka kwenye sahani, akawapanga mezani kwa mshazari, na wa nne akamlaza mbele yao.

"Huyu ndiye winga wako. Ona, huku amezibiwa. Akirudi ndani, anakutana na huyu."

"Na akipitia nyuma?"

"Jaribu."

Vincent alimsukuma omena wake kwa kidole, akakwama, akamrudisha, akajaribu tena.

"Hizo samaki ni za kula!" Risper aliwakemea kutoka kwenye jiko.

"Ngoja kidogo, mama," Vincent alisema, macho mezani. "Huyu bado hajapita."