Mshipa Ulioishia kwa Mama

Kaka yangu mkubwa hajanisalimia tangu ang'oe muguka wa mama, na mimi sina haraka.

Ilianzia mtoni, chini ya shamba letu huku Siakago. Aliona mshipa wa mawe yenye madoa ya kijani, shaba kabisa, akaufuata kwa sururu akipanda kilima. Kilima chenyewe, mbuzi akianza kukipanda akiwa mwanambuzi anafika juu ana wajukuu. Na juu ndiko uliko muguka, ule mmea wa majani ya kutafuna, uliotusomesha wote, hata mimi niliyemaliza sekondari kwa masomo ya jioni nikiwa tayari na kipara.

Katikati ya kilima kijani kikaisha. Mawe yakawa ya kijivu, mazito, yanang'aa. Nikamwambia hiyo ni madini ya risasi, na kule juu hakuna kitu.

"Mshipa ni mmoja," akasema. "Ng'ombe awe na nyama mguuni, shingoni akose?"

"Toka Kibugu, kule juu kwenye baridi, ushuke. Kule chai, Manyatta kahawa, hapa muguka. Barabara ni hiyo hiyo moja. Mbona hujapanda chai hapa?"

"Si itaungua na jua!"

"Basi madini nayo yana joto lao. Maji moto yalipanda na ufa huu kutoka chini. Shaba ikaganda kungali moto, risasi ikangoja yapoe, juu kikabaki kijiwe cheupe cha bure."

"Profesa wa jioni! Wewe ndiye uliyeyachemsha? Sema unataka nitoke uchimbe peke yako."

Mama alikuwa akisikia. "Sururu hiyo isivuke muguka wangu," akasema, akaingia ndani.

Jumapili tukiwa kanisani, kaka akavuka. Tuliporudi, mistari yote ilikuwa imelala, mizizi juu. Na shimoni? Jiwe jeupe, pana kama ukuta wa kanisa, bila hata doa la kumdanganya nzi. Akatangazia soko zima kwamba nimeuroga mshipa kwa vitabu.

Mama hakulia. Aliyabeba yale mawe meupe, akayapanga kuzunguka shamba lake, akapanda miche mipya aliyoomba kwa majirani.

"Ukivuka hapa," akamwambia kaka, "uje na maji ya kunyweshea. Ukija na sururu, mimi si mama yako."

Miche imeshika. Kaka huzunguka mpaka mtoni ili asipite karibu. Akiniona kwa mbali kwenye yale mawe, anatema mate. Mimi namwagilia.