Barua Isiyo na Kosa

Kasongo nzima, mwenye Kiingereza nilikuwa mimi peke yangu. Watu walilijua hilo, na mimi nililijua kupita wao. Nilikisoma Unguja miaka miwili kwa padri mmoja, nikarudi na msafara nikiwa na daftari. Upande mmoja niliandika majina ya Kiingereza yanayofuatwa na "to" na kitenzi kitupu, kama ruhusa na ahadi. Upande wa pili, yale yanayotaka kwanza neno dogo la kati, "of", ndipo kitenzi kije na mkia wa "ing", kama tumaini na hofu.

Wakati huo mama yangu alikuwa akipofuka. Tukasikia kwamba Kabambare amefika tabibu Mwingereza, amemponya mjane mmoja macho, naye hakai sana. Ni mwendo wa siku tano. Ilitakiwa tumwombe atungoje, tumpeleke mama kwa machela, na tarishi wa kwenda huko alikuwa akiondoka asubuhi ile ile tuliyosikia.

Mama akamshika tarishi mkono. "Mwambie tu kwa mudomo. Mama ya huyu macho yake iko inafunga, angoje kidogo."

"Mama, usiniaibishe!" nikasema. Eti Mwingereza apelekewe maneno ya sokoni, na mimi nipo! Nikamwambia tarishi asubiri barua.

Alisubiri siku mbili. Nilitaka kuandika kwamba mama apewe nafasi ya kuona tena, na hilo neno la nafasi, lo, lilikuwa pande zote mbili za daftari. Nikaandika hivi, nikachana. Nikaandika vile, nikachana.

"Bwana wee, unaandika barua ama unajenga nyumba?" tarishi akauliza.

Nikamfokea. Siku ya tatu ndipo akaondoka.

Alirudi baada ya siku kumi na moja, barua haijafunguliwa. Tabibu alishika njia ya Ujiji siku moja kabla yeye hajafika.

"Na Kiswahili anakijua," tarishi akasema. "Wagonjwa alikuwa akisema nao mwenyewe."

Wallahi, laiti mama angenitukana. Nilistahili, na hadi leo nangoja tusi hilo. Aliomba barua tu, akaipapasa.

"Umeiandika vizuri, mwanangu?"

"Vizuri, mama. Haina kosa."

"Alhamdulillahi," akasema, akanyoosha mkono kunirudishia, upande ambao sikuwapo.