Mzee Aliyesema "Nimesikia"

Siku ya mtihani sikunywa chai. Niliifikiria sana hiyo chai: nikinywa, nitataka kwenda choo ndege zikiwa angani, nisipokunywa, sauti itakauka na rubani ajue naogopa. Mwishowe nilinyonya nusu chungwa, nikatoka nyumbani, mtaa wa Section 58, saa mbili kabla ya wakati, nikijiuliza kama chungwa nalo lina madhara.

Nilikuwa mwanagenzi wa kuongoza ndege katika uwanja mdogo wa bonde hili, ambako watu wa kila umri hujifunza kurusha ndege za viti viwili. Huo ulikuwa mtihani wangu wa pili na wa mwisho. Nikianguka, ningerudishwa ofisini kupanga mafaili, mimi na digrii yangu. Mara ya kwanza mtahini, mama mmoja mpole aliyening'iniza miwani kifuani, aliandika sentensi moja tu: "Hawezi kumwambia mtu mzima arudie."

Ilikuwa kweli. Ukimwambia rubani asubiri nje ya njia ya kurukia, ni lazima akurudishie maneno yale yale, ndipo ujue mmeelewana. Akisema "nimesikia" tu, unamwambia arudie. Lakini mimi nimelelewa na mama yangu. Kwetu mtu mzima akisema amesikia, amesikia. Kumwambia arudie ni kumwita kiziwi au mwongo, na yote mawili yalikuwa na adhabu yake.

Kwa hiyo nilifanya mazoezi na mama mwenyewe. Chupa ya chai ilikuwa mnara, kitambaa cha meza kikawa njia ya kurukia, na vifuniko vya soda vikawa ndege.

"Subiri nje ya njia, kuna ndege inatua," nikamwambia.

"Nimesikia."

"Mathe, si useme nimekuambia nini."

"Nimesema nimesikia! Unafikiri masikio nilimwachia nani?"

Kisha akasukuma kifuniko chake hadi katikati ya kitambaa, changu kikakipanda mgongoni.

"Umeona sasa? Mmegongana."

"Si huyo angepita kando?"

Asubuhi ya mtihani, kule mnarani, mtahini yule yule aliketi nyuma yangu na fomu yake. Kulikuwa na ndege mbili tu. Moja ilikuwa ya msichana aliyekuwa akizunguka uwanja akijifunza kutua. Nyingine ilikuwa ya mzee mmoja mkulima, ambaye alianza masomo ya urubani baada ya wajukuu wake kumaliza shule. Siku hiyo alikuwa peke yake ndani ya ndege. Marubani wote wa uwanja ule, na nikapewa mzee!

Redioni sisi huongea Kiingereza kifupi kifupi, lakini hapa nitakiandika kwa Kiswahili. Msichana akaripoti kwamba anakuja kutua. Mzee naye akafika ukingoni mwa njia ya kurukia.

"Subiri nje ya njia," nikamwambia. "Kuna ndege inatua."

"Nimesikia, asante," akajibu, kwa sauti ya mtu anayepokea kikombe cha chai.

Nyuma yangu kalamu ilinyamaza. Nikapata nafasi ya kufikiri mambo mengi ajabu: labda kweli amesikia, labda nimngoje kidogo, huenda anatafuta maneno, labda nikitanguliza "tafadhali" haitakuwa vibaya. Nikaona pua ya ndege yake ikianza kusogea.

"Hapana, mzee! Simama hapo hapo! Rudia nilichosema!"

Hayo niliyasema kwa Kiswahili, kwenye redio inayorekodiwa, na kwa sauti ya mama yangu.

Ndege ikasimama ghafla, ikainamisha pua kama ng'ombe aliyevutwa kamba. Kisha mzee, polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, naye kwa Kiswahili: "Nasubiri nje ya njia. Kuna ndege inatua. Pole, madam."

Msichana akapita mbele yake na kutua vizuri. Alipobonyeza maiki kuripoti, kicheko kilitangulia.

Mtahini aliandika kwa muda mrefu mno. "Kumwita rubani 'mzee', kosa," akasoma. "Kiswahili, kosa. Kumwambia arudie..." Akavua miwani. "Umepita. Lakini hiyo 'mzee' uiache nyumbani."

Baadaye nilimkuta mzee chini ya ngazi za mnara, kofia mkononi.

"Ni wewe ulinigombeza?"

"Ni mimi. Samahani sana, mzee."

"Samahani ya nini? Sijagombezwa hivyo tangu mama yangu afe. Kidogo nizime injini nikachote maji!"

Nikacheka mpaka nikakaa kwenye ngazi. Kisha nikampigia mama.

"Nimepita!"

"Nimesikia."

Nikangoja.

"Haya basi! Umepita! Umepita, umepita, umepita! Na wewe sasa urudie: ukikuja, lete maziwa."

"Nikikuja, nilete maziwa."

Nilifika Lanet, njiani kurudi nyumbani, ndipo nikaanza kujiuliza ni paketi ngapi.