Laptopu Yenye Taa Nyekundu

Jumapili iliyopita laptopu maiti ilifungua mdomo mbele ya korale yetu, kwaya ya kanisa, hapa Juru kambini, ikamsema shemasi.

Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeibeba.

Shemasi mwenyewe ni Melchior. Kama humjui, huna hasara. Alikaa miezi mitatu Kampala, akarudi anaitwa injinia. Injinia wa nini, hakuna aliyewahi kuuliza.

Korale ilichanga mwaka mzima tupate mashine ya kurekodi. Haraka ilikuwa ya Mama Perpétue. Nyimbo za arusi za Kibembe anazijua yeye tu, zote, na ndege yake ya Kanada ilikuwa Alhamisi. Akiondoka bila kurekodiwa, nyimbo zimeondoka naye.

Kwetu pesa ya korale haishikwi na msemaji. Mmoja anaongea na muuzaji, mwingine anaifunga kwenye kitenge. Kuongea akapewa Melchior. Kitenge nikafunga mimi, Divine, niliyeishia darasa la sita, kwa sababu kurekodi ni kazi yangu.

Jumamosi tukafika Mbarara, Nyamityobora, kwa Isma, muuza kompyuta za mitumba.

Salamu haijaisha, kidole cha Melchior kiko tayari juu ya laptopu moja nene, kibodi inawaka nyekundu kama baa.

"Hii. Iko na nguvu mingi."

"Hiyo ni ya gemu, ssebo," Isma akasema. "Vijana wanaipenda sana."

Nikatoa flashi yangu. Ndani kuna Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, ile niliyofundishwa na Térence, mwalimu wa kituo cha vijana. Hailipiwi, haikusumbui na intaneti, na unaijaribu kwenye mashine kabla hujanunua.

"Ona kaflashi kake," Melchior akamwambia Isma, anacheka. "Alisoma primaire, sasa anapima mashine ya bazungu."

Mtu wa aina ile ukimjibu unamlisha.

Nikachomeka flashi, nikachomeka kadi ya sauti na mikro yangu ya kurekodia. Feni ya ile ya taa nyekundu ikavuma kama kinu cha kusaga mahindi. Nikajirekodi. Sauti inakatika kila maneno mawili.

"Hapana," nikasema.

"Hapana ya nani?"

"Ya kitenge."

Isma akakohoa, lakini kile hakikuwa kikohozi.

Nikaomba ile ya pembeni, nyembamba, kifuniko kimechubuka. Nikahamishia flashi na mikro; hiyo kimya kabisa. Nikafungua ukurasa mweusi wa maandishi matupu, nikaandika amri ya kurekodi dakika kumi, nikavaa hedifoni.

Melchior akainama, akaona weusi na herufi.

"Skrini nyeusi. Imekufa hii. Maiti."

Akaniacha na maiti yangu, akasogea mlangoni kupiga soga na Isma.

Dakika kumi, haikukatika hata mara moja. Nikafungua kitenge, nikalipa.

Tukarudi mpaka Rwekubo, senta iliyo jirani na kambi yetu. Maneno yake Melchior aliyatunza hadi Jumapili, mbele ya korale.

"Wapendwa, Divine ametuletea maiti. Mimi nilichagua nzuri, akakataa."

Joël wa besi akaniangalia kama nimeiba sadaka. "Irudishwe," akasema.

Mama Perpétue akaniuliza taratibu, "Mwanangu, inafanya kazi?"

"Niwasikilizishe jaribio la dukani, mama?"

Nikaiunganisha na spika ya kanisa. Kwanza boda ikapita mbele ya duka. Halafu Melchior, sauti safi, hata mate yanasikika:

"Ule mama Perpétue sauti yake ilisha kuisha, ni ya mbuzi. Alhamisi anaenda zake. Mashine itabaki kwangu. Ndiyo maana nataka ya gemu, nifungue fasi ya gemu pale Rwekubo, batoto bacheze, balipe."

Nikaisimamisha hapo.

"Futa," Melchior akasema, chini chini.

"Si imekufa?"

Ndiyo, niliyasikia yote siku ileile dukani, hedifoni masikioni. Ningeweza kumwambia njiani. Nilitaka kwanza amalize kujisifu.

Mama Perpétue akavua viatu, akavuta kiti.

"Sogeza mikro, Divine. Mbuzi anataka kuimba."

Akaimba nyimbo kumi na tisa. Zote ninazo.

Basi wewe unayeniandikia kuniuliza laptopu gani inafaa kurekodia: taa hazirekodi. Nenda na flashi yako, ichomeke, nyamaza, usikilize feni. Na kama umefuatana na mjuaji, acha irekodi kwa muda mrefu kidogo.