Aliyepiga Alto ya Pili

Kama hutaniamini mimi, nenda kwa Mama Feza. Yuko hai, anakaa Mikelenge, na si mtu wa kupamba maneno. Muulize alisikia nini siku ile ya mvua akiwa bado nje ya ukumbi wa parokia. Yaliyokuwa ndani nitakueleza mimi. Na usitafute usiku katika kisa hiki. Watu wanadhani wafu wanangoja giza. Wangu alikuja mchana, mvua ikipiga bati.

Kwanza ujue tulikuwa kina nani. Kabla ya vita, parokia yetu hapa Kindu ilikuwa na orkestra kamili: violo, ndiyo fidla, alto, selo ile kubwa ya kusimamishwa sakafuni, filimbi, hata tarumbeta. Kiongozi alikuwa Papa Kitenge, mwalimu wa shule, mtu mfupi asiyesamehe noti iliyopotea. Vita ilipofika, askari wakakaa mjini, wapiganaji wengine wakakaa porini, sisi katikati. Treni haikufika tena. Kwenda shamba ilikuwa kubahatisha maisha. Wapigaji wakaanza kupungua: huyu kakimbilia Kisangani, yule kafa kwa homa, wa filimbi hatukujua kapotelea wapi. Mwisho tukabaki sita, sote wa vyombo vya nyuzi.

Orkestra ingekufa hapo. Lakini Papa Kitenge alikuwa na karatasi za simfonia moja alizoachiwa na padri mmoja wa zamani. Alitueleza kwamba huko Ulaya, kabla ya redio, watu waliopenda simfonia hawakuweza kuingiza orkestra nzima sebuleni. Basi mafundi wa muziki waliiandika upya, ile ile, kwa violo mbili, alto mbili na selo mbili. Sauti ya filimbi ikapewa violo. Sauti ya tarumbeta ikapewa alto ya pili. Alto, kama hujui, ni violo iliyonenepa kidogo. Sauti yake ni kama ya mwanamume anayesema polepole.

"Wazungu walipunguza sababu nyumba ilikuwa kidogo," Papa Kitenge akasema. "Siye tunapunguza sababu watu wamepunguka. Muziki haijue tofauti. Mushike vyombo."

Tulipiga madirisha yakiwa yamefungwa. Uzi ukikatika, tulichomoa waya wa frein ya kinga, yaani breki ya baiskeli, tukauvuta mahali pake. Njaa ilikuwepo, niamini. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, siku nyingine bila ugali. Lakini sauti zile sita zilipokutana, mimi nilisahau tumbo.

Alto ya pili ilikuwa ya Amisi.

Hapa niseme nini? Alikuwa mrefu, mwenye haya, na alikuwa ameshakuja kwetu na wajomba zake kujitambulisha. Vita tu ndiyo iliyochelewesha mengine. Katika simfonia ile kuna mahali ambapo wote tunanyamaza na alto ya pili inaita peke yake, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Amisi hakuipiga ilivyoandikwa. Noti ya mwisho aliishika mpaka ikatetemeka, halafu akaipandisha kidogo, kama swali. Papa Kitenge alimgombeza kila mara. Amisi anacheka, kesho anarudia vilevile. Na alipofanya hivyo alinitazama mimi, kwa sababu violo ya pili inayomjibu ilikuwa yangu.

Kisha askari wakaanza kuchukua vyombo. Selo moja tuliikuta imepasuliwa kuwa kuni. Amisi akaamua kwenda kuificha alto yake Kalima, kwa mama yake mdogo. Nilimpa kikwembe changu cha kijani, kile cha kujifunga kiunoni, akaifunga ndani. Akavuka mto asubuhi kwa mtumbwi mpaka Alunguli, ng'ambo, akashika njia kwa miguu.

Kalima hakufika. Kindu hakurudi. Hakuna aliyeuona mwili, na bila mwili mama yake alikataa kufanya matanga. "Mutoto wangu iko njiani," alikuwa anasema, mpaka naye akazikwa.

Miaka ikaenda. Vita ikaisha, angalau hapa mjini. Papa Kitenge akafa kwa uzee. Mimi nikaolewa na mfanyabiashara kutoka Butembo, mtu mwema, tuna watoto. Sitasema uongo, nampenda. Lakini wewe uliyempoteza mtu bila kumzika unajua: kuna mlango moyoni ambao haufungiki, upepo unaingia tu.

Baadaye mimi na Mama Feza, ambaye tangu zamani ni violo ya kwanza, tulikifufua kikundi pamoja na vijana tuliowafundisha. Karatasi zilikuwepo bado. Watu tulikuwa watano. Alto ya pili sikutaka apewe mtu. Kiti tulikiweka, tukakiacha wazi, na zamu yake ilipofika tulihesabu kimya mpaka ipite.

Siku ile mvua ilinikuta nimeshafika ukumbini peke yangu. Nikaona nijizoeze. Nikaanza sehemu ile tulivu, na nilipofika pale pa kunyamaza nikashusha violo, nikahesabu.

Alto ikaita.

Nyuma yangu, kwenye kile kiti. Nilimjua kabla ya kugeuka, maana noti ya mwisho ilishikwa, ikatetemeka, ikapanda kidogo. Wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Mimi nilimjibu. Mkono ulijibu wenyewe, kama zamani, tukaenda pamoja mpaka mwisho, machozi yakinidondokea kwenye mbao za violo.

Ndipo nikageuka. Amisi alikuwa ameketi pale, kijana vilevile, kikwembe changu cha kijani juu ya magoti. Nje maji yalikuwa yanamwagika, lakini nguo zake hazikuwa na tone. Miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu, vumbi la kiangazi.

"Umezeeka," akasema, bila ubaya.

"Na weye hapana," nikasema. "Ulikuwa wapi, Amisi?"

"Njiani. Njia ni murefu." Akaanza kuifunga alto, taratibu. "Kule tuko wengi. Papa Kitenge iko. Wa filimbi iko, wa tarumbeta iko. Orkestra muzima. Tunakosa violo ya pili tu."

Akasimama, akaninyooshea mkono. "Twende."

Nikampa mkono wa kushoto. Nakuambia kweli, sikuwaza watoto, sikuwaza mume. Niliwaza jinsi simfonia ile ingesikika nzima, kila sauti mahali pake, naye akinitazama. Vidole vyake vilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Tulikuwa tumeshafika kwenye mlango wa nyuma, ule unaotazama mto, niliposikia mtu mbele anapiga hodi na kukung'uta mwavuli.

"Ngoja," nikamwambia Amisi. "Ngoja kwanza."

Akaniachilia. Akaitikia kwa kichwa, ametulia, kama mtu aliyeahidiwa.

Mama Feza aliingia analalamika. "Dada, huyu njo nani alikuwa anapiga alto? Nimesimama kule inje kusikiliza. Anapiga kama marehemu Amisi!"

Nilipotazama tena, mlango ulikuwa wazi na mvua inaingia. Hapakuwa na mtu. Lakini juu ya kiti cha alto ya pili palikuwa na unga mweupe wa utomvu, ule tunaopaka kwenye upinde wa kupigia nyuzi. Mama Feza aliugusa, akaunusa, akaketi sakafuni na nguo zake zilizolowa.

Tulimfanyia Amisi matanga, pamoja na ndugu zake waliobaki. Tulikesha, tukamlilia kama aliyekufa jana. Kiti chake sasa anakikalia binti wa Mama Feza, anapiga vizuri. Lakini vidole vyangu vya kushoto havikupata joto tena. Daktari alivitazama, hakuona kitu. Uzi siwezi kuubana. Sasa ninawaandikia wenzangu tu, nyimbo kubwa naziandika upya kwa watu wachache, kama walivyofanya wale mafundi wa zamani.

Mama Feza anasema matanga yamemaliza mambo. Yeye hakusikia nilichosema mlangoni. Mvua ikipiga bati, mimi nasikia upande wa mto mtu anakaza nyuzi za alto, taratibu, bila haraka.

Basi wewe, wako akikujia siku moja, mlilie, mtaje jina, mwambie aende salama. "Ngoja" usimwambie. Sisi wazima tukisema ngoja, tunasahau. Wao wanangoja kweli.

Nakuonya, lakini mwenyewe sijapona. Siku nyingine mvua ikichelewa, Mungu anisamehe, natoka uani kutazama mawingu.